Jina lililokosekana kitabuni

MPENZI msomaji, kabla hujamimina kikombe cha pili cha chai Jumapili hii, hebu nikuulize swali moja. Waweza kumtaja baba ya babu yako? Vema. Na babu yake babu yako je?

Usione haya ukikwama. Mimi pia nilikwama, na nilikwamishwa na mtoto wa miaka 13.

Ilikuwa mwaka 2018. Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu mkubwa, alipewa na mwalimu wake hapa Nairobi kazi ya kufanya likizo ya Agosti: achore mti wa ukoo wake, vizazi sita, upande wa mama na upande wa baba. Upande wa mama ulikamilika jioni moja tu. Mama yangu alipigiwa simu Murang'a, akayataja majina moja baada ya jingine kama mtu anayehesabu mbuzi wakirudi zizini. Aliwataja wanaume wote. Wanawake watatu aliwaruka, na alipoulizwa akasema, "Hao walikuwa wake zao tu." Mpwa wangu akaacha visanduku vitatu vitupu.

Tabu ilikuwa upande wa baba. Shemeji yangu ni Mjerumani, mzaliwa wa kijiji kidogo katika milima ya Schwäbische Alb, kusini ya jiji la Stuttgart. Kijana alipomuuliza babake, akapewa jina la babu, jina la babu mkuu aliyekuwa mwalimu wa shule, kisha kimya. "Tutauliza tukifika nyumbani," shemeji akasema. Nami, kwa kuwa walikuwa wamenialika niende nao kutembea, nikajikuta nimeingia katika safari ya kuwatafuta wafu wa watu wengine.

Nilikwenda nikiwa na dhana moja ambayo huenda nawe unayo. Nilidhani mzungu ana kila kitu kwenye karatasi: kwamba sisi tunahangaika na kumbukumbu za wazee, ilhali yeye hufungua kabati tu akamkuta babu yake wa kumi amelala humo na tarehe zake zote. Nusu ya dhana hiyo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Vitabu vya mchungaji

Sehemu ile ya Ujerumani si ngeni kabisa kwetu. Ukitoka Stuttgart kidogo tu unaufikia mji wa Gerlingen, ambao zamani ulikuwa kijiji. Hapo ndipo alipozaliwa Johannes Rebmann mwaka 1820, yule mmishenari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa miaka mingi na ambaye mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwenzake Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen. Wote wawili walikuwa watoto wa vijijini. Hata jina Rebmann lenyewe maana yake ni mtu wa mizabibu.

Basi, mtu akitaka kumtafuta mwanakijiji wa Kijerumani, huanza na ofisi ya serikali. Msajili wa vizazi, ndoa na vifo alianza kazi nchini humo kote mwaka 1876. Lakini si kila mtu huingia na kufunua atakavyo. Kitabu cha vizazi hufungwa miaka 110, cha ndoa miaka 80 na cha vifo miaka 30. Kabla ya muda huo kwisha, sharti uonyeshe kwamba wewe ni wa ukoo huo. Kwa kijana mwenye jina la ukoo lile lile, hilo halikuwa neno.

Kabla ya mwaka 1876 hapana msajili. Pana mchungaji. Yeye ndiye aliyeandika nani kabatizwa, nani kafunga ndoa, nani kazikwa. Katika kijiji cha shemeji vitabu hivyo huanza baada ya vita vya miaka 30, vilivyopiganwa kuanzia 1618 hadi 1648. Vilivyokuwapo kabla ya hapo viliteketea majeshi yalipomiminika Württemberg baada ya mapigano ya Nördlingen ya mwaka 1634. Kwa hiyo hata karatasi huungua, msomaji. Moto haubagui.

Siku hizi vitabu vingi vya makanisa ya Kiprotestanti vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na mtu hulipa ada akavisoma nyumbani. Tukaketi jikoni kwa mama yake shemeji, mimi, shemeji, kijana na kompyuta. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka nikamtazama shemeji, naye akanitazama. Hakuweza kusoma neno hata moja!

Wazee wao walitumia mwandiko uitwao Kurrent, ambao herufi zake zimechongoka kama meno ya msumeno, na e hufanana na n. Mjerumani wa leo huutazama kama mimi na wewe tunavyoutazama mwandiko wa daktari. Ikabidi aitwe mzee mmoja jirani, mstaafu, ambaye kusoma maandishi hayo ndiko kucheza bao kwake. Akaja na miwani miwili, akatuanzia darasa.

Alitufundisha kwamba ukiona wavulana sita nyumba moja wote wanaitwa Johann, usishangae. Johann lilikuwa la ubatizo tu. Mtoto aliitwa kwa jina la pili. Alitufundisha pia kwamba ukiona nyumba yenye wasichana wawili wa jina moja, tafuta alama ya msalaba pembeni. Wa kwanza amekufa, na aliyezaliwa baadaye amepewa jina lake. Katika ukurasa mmoja tuliwahesabu watoto 11 wa mama mmoja. Misalaba ilikuwa sita. Kijana akanyamaza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Mjomba, huyu mama alikuwa analia mara ngapi?"

Mzee yule alituonyesha pia nakala za orodha za mali. Huko Württemberg ilikuwa sheria kwamba watu wakioana, au mmoja akifa, kila kitu kiandikwe: mashamba, mashuka, vijiko, ndoo, mpaka kuku. Sababu ni kwamba urithi uligawanywa sawasawa kwa watoto wote, wavulana kwa wasichana. Haki hiyo ilikuwa nzuri, lakini kila kizazi shamba likawa dogo zaidi, hadi mtu akabaki na kipande cha kugeuzia jembe. Nilipoyasikia hayo nikadhani mzee anazungumza habari za Kisii au Nyeri.

Pengo

Siku ya tatu tukafika alipozaliwa baba yake yule mwalimu wa shule. Mwaka 1861, mwezi wa Aprili. Jina la mtoto lipo. Jina la mama lipo, na kazi yake: msichana wa kazi katika nyumba ya mkulima. Hana mume. Mahali pa baba, mchungaji alipiga mstari tu.

Mzee wa miwani alikohoa. Akasema pole pole kwamba mambo hayo yalikuwa ya kawaida, na kwamba kuna vijiji ambako mchungaji alimwandika mtoto wa nje ya ndoa kichwa chini miguu juu, ili kila atakayefungua kitabu aione aibu kwa mbali. Hapa walau alipiga mstari.

Shemeji alikuwa amekunja mikono. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba jina lao ni jina la wenye kinu cha kusagia nafaka, watu wa heshima. Kumbe jina hilo, analolibeba yeye, dada yangu na mpwa wangu, lilikuwa jina la msichana wa kazi. Mtoto asiye na baba huchukua jina la mama, nao wanaume wanne waliofuata wakajivunia jina la wanaume wasiokuwapo.

Kijana hakuwa na habari na fahari za watu. Aliugeukia upande wa jiko alikokuwa nyanyake akimenya viazi. "Oma," alisema, maana ndivyo wanavyomwita nyanya huko, "niandike nini kwenye kisanduku hiki?"

Bibi yule, mwenye umri wa miaka 84 wakati huo, hakugeuka. Akasema maneno makali ambayo kijana alisita kunitafsiria. Hatimaye akanieleza: Oma amesema kwamba miti ya ukoo si kazi ya kupewa watoto shuleni, na kwamba mwalimu wako aone haya.

Nilishangaa. Nikafikiri ni ile aibu ya mtoto wa nje. Waswahili husema mavi ya kale hayanuki, na nilikuwa karibu kumwambia hivyo kwa lugha ya heshima zaidi. Nashukuru sikusema. Sikujua nanusa nini.

Kijitabu cha kabatini

Baada ya chakula cha jioni bibi alipanda ghorofani, akakaa sana. Aliporudi aliweka mezani kijitabu chembamba, na picha moja.

Kijitabu kile kiliitwa Ahnenpass, yaani pasi ya mababu. Kilikuwa cha baba mkwe wake, yule mwalimu. Mnamo Aprili 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kuingia madarakani, ilitoka sheria kwamba mtumishi wa serikali lazima athibitishe kwamba hana damu ya Kiyahudi. Babu au nyanya mmoja tu Myahudi alitosha kukufukuzisha kazi. Baadaye, mwaka 1935, zikaja sheria za Nürnberg zilizowanyang'anya Wayahudi uraia kamili na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Nchi nzima ikageuka ya watafuta ukoo. Wachungaji walielemewa na barua za watu wakitaka nakala za ubatizo, na kila jina katika kijitabu lilihitaji mhuri.

Nikakielewa kimya cha bibi. Mwalimu wa shule alikuwa mtumishi wa serikali. Alitakiwa aonyeshe baba, mama, babu wawili na nyanya wawili. Na babu mmoja, mzaa baba, alikuwa mstari mtupu katika kitabu cha ubatizo.

Tulikifunua. Mihuri ilikuwa imejaa kila mahali ila mahali pale. Pale palikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu ya risasi, bila mhuri, na neno moja: mfumaji.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya kijiji na lile jina mkononi. Mzee wa miwani akaomba daftari la kumbukumbu za baraza la kijiji la miaka ile, nasi tukapekua hadi saa sita mchana. Lilikuwapo. Mwezi wa Novemba 1860 mfumaji mmoja wa kitani alifika mbele ya baraza kuomba ruhusa ya kumwoa yule msichana wa kazi.

Ruhusa, msomaji! Wakati huo maskini wa Württemberg hakuoa apendavyo. Alitakiwa aonyeshe kwamba ana mali au kazi ya kulisha jamaa, ili watoto wake wasije wakawa mzigo wa kijiji. Wazee wa baraza waliandika kwamba huyu hana nyumba wala shamba, na ufumaji haulipi. Ombi likakataliwa.

Kurasa chache mbele jina lilelile likajitokeza tena, Februari 1861. Sasa anaomba aruhusiwe kuhamia Amerika. Ombi hilo lilikubaliwa siku hiyohiyo.

Mtoto alizaliwa Aprili.

Hatukumpata tena. Orodha za abiria za bandari ya Hamburg zimehifadhiwa tangu 1850, naye hayumo. Huenda alipitia Bremen, na orodha za huko nyingi ziliharibiwa. Lakini shemeji alitoka ofisini mle akitembea tofauti. Babu wa babu yake hakuwa laghai aliyemkimbia msichana mjamzito. Alikuwa kijana aliyesimama mbele ya wazee akaomba kuoa, wakamwambia hana shamba.

Yule msichana wa picha

Nilidhani hadithi imekwisha, nikaanza hata kuiandika kichwani. Lakini jioni bibi akaivuta ile picha. Darasa la watoto, wamepangwa kwa safu, mwalimu amesimama kando. Ilipigwa mwaka 1934, katika kijiji cha jirani alikokuwa akifundisha, kijiji ambacho kilikuwa na jamaa kadhaa za Kiyahudi.

Zamani zile, bibi alisema, kuchora mti wa ukoo kulikuwa somo la darasani. Serikali ilitaka kila mtoto ajue damu yake. Yeye mwenyewe alipoanza shule mwaka 1940 aliukuta mti huo ukutani. Na baba mkwe wake, huku usiku akiandika barua kumtafuta babu yake aliyepotea, asubuhi alikuwa akiwaambia watoto wachore miti yao.

Mti uliopendeza kuliko yote ulichorwa na msichana mmoja wa safu ya mbele. Watu wake walikuwa wameitunza habari ya ukoo wao tangu karne ya 18, na aliijaza yote kwa wino, bila pengo hata moja. Mwalimu alimpa alama za juu. Msichana yule alikuwa Myahudi.

Sasa tazama mambo yalivyo. Mwalimu mwenye pengo la aibu alibaki na kazi yake. Waliendelea kumtaka karatasi, mwishowe wakachoka. Mtoto aliyekuwa na mti kamili alihukumiwa kwa mti huohuo. Tarehe 1 Desemba 1941 treni iliondoka Stuttgart kwenda Riga na Wayahudi wapatao 1,000 wa Württemberg. Jamaa ya msichana yule ilikuwamo.

Mwalimu aliyasema hayo mara moja tu, kwa mke wa mwanawe, karibu na kufa kwake. Hakumwambia mwanawe. Naye bibi hakumwambia mtu mpaka jioni ile, mbele ya mjukuu mwenye rangi ya chai ya maziwa aliyekuja na karatasi ya visanduku akitaka kujua damu yake.

"Ndiyo maana nilikasirika," alisema. Kijana alinitafsiria huku ameinamisha kichwa. "Si kwa sababu ya msichana wa kazi. Yule namheshimu."

Kisha akachukua kalamu ya wino, akampa kijana, akamwonyesha kisanduku. "Andika jina la mfumaji," alisema. "Sasa tunajua."

Kijana aliandika. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Juu ya jina la ukoo wao alichora mshale mrefu kutoka kwa yule msichana wa kazi hadi kwake mwenyewe, ili mwalimu aone jina limetoka kwa nani. Na tulipofika Nairobi alimpigia nyanyake wa Murang'a. Sikuyasikia ya upande wa pili, ila nilimsikia akisema, "La, nyanya, wale wake zao. Nataka wale wake zao." Simu ilichukua karibu saa nzima. Visanduku vitatu vikajaa.

Basi nami nina ombi kwako, msomaji. Wazee wako wakingali hai, waulize leo. Waulize na habari za wanawake, na za yule ambaye jina lake likitajwa watu hukohoa. Andika ulichoambiwa, nani kakuambia na tarehe gani, maana karatasi nayo huungua na kumbukumbu nayo huchoka. Zikishikana mkono ndipo husaidiana. Kwa kalamu ya risasi pia yafaa, kama huna uhakika.

Lakini jiulize unaitafutia nini habari hiyo. Sisi tuliokuwa nchini humu mwanzoni mwa 2008 twajua jina kwenye kitambulisho lilivyoweza kumwua mtu barabarani. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nami nakubali. Ila asili ni ya kumfahamisha mtu alikotoka. Siku ukiona inatumiwa kuulizana nani akae na nani aondoke, funga kijitabu hicho, ukamenye viazi.